Shajara ya mabuyu: Kisauni hadi Seattle

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Daftari la kwanza la mradi lilinyeshewa mwezi wa tano, likavimba kama mkate wa sinia. Kuanzia leo kumbukumbu naziandika huku mtandaoni, ambako maji hayafiki. Mimi ndiye katibu. Tuko wanawake 14 wa Kisauni, tumesajiliwa kama chama cha ushirika, twapika mabuyu na kusaga unga wa ubuyu. Mradi wenyewe ni kuuza Seattle.

Kwa nini Seattle? Mombasa na Seattle ni miji dada tangu 1981. Bi Mkubwa, mwenyekiti wetu, aliisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza mwaka huu, na alikuja nayo kikaoni akiwa amekasirika kabisa. "Kumbe tuna ndugu Marekani miaka arubaini na nne, na hajatununulia hata mabuyu ya shilingi kumi!" Tulicheka, kisha mtu mmoja akauliza nauli ya posta ni ngapi, na hapo ndipo mradi ulipozaliwa.

Mpango ni mwepesi. Tutatuma vifurushi kumi vya kilo mbili mbili kwa posta, kwa watu kumi wa Mombasa wanaoishi huko. Kila kifurushi thamani yake iko chini sana ya dola 800, na mzigo wa thamani hiyo Marekani hawautozi ushuru. Mtaji upo. Majina kumi yapo. Nilidhani tungemaliza kabla ya Septemba.

Jumanne, 12 Agosti

Kikao cha wafanyabiashara wadogo kuhusu kuuza nje. Ukumbi una kiyoyozi kikali, tumejifunika leso za mabegani kama tuko Limuru. Wasemaji walikuwa watano. Wanne walifungua kwa methali ile ya mbuyu na mchicha (baada ya kuona tumetoka chama cha mabuyu, nadhani), wa tano akaiweka mwisho. Bi Mkubwa aliniinamia sikioni: "Mwanangu, mbuyu tunao. Twataka stempu."

Chai ilikuwa nzuri.

Alhamisi, 14 Agosti

Mume wa mweka hazina wetu ni mwalimu mstaafu, sote twamwita Maalim. Amekuja na Katiba ya Kenya ya 2010, ukurasa umekunjwa kwenye Jedwali la Nne, akatusomea barazani. Biashara ya kimataifa imewekwa upande wa serikali kuu, sentensi moja na mambo ya nje. Upande wa kaunti kuna ukuzaji na usimamizi wa biashara: masoko, leseni, biashara ya haki, utalii wa ndani, na vyama vya ushirika.

"Kwa hiyo gavana hawezi kutupunguzia ushuru wa Marekani?" nikamuuliza.

"Hawezi. Na gavana wa kule pia hawezi." Katiba ya Marekani, ibara ya kwanza, sehemu ya kumi, inayakataza majimbo kufanya mikataba na mataifa mengine, na makubaliano yoyote na dola ya kigeni yahitaji idhini ya Bunge lao la Congress. Ajabu ni kwamba pamoja na hayo majimbo yamejaa udugu wa nje. Jimbo la Washington, ambalo Seattle imo ndani yake, ni dada wa mkoa wa Hyogo wa Japani tangu 1963. Seattle yenyewe ilikuwa imetangulia kufanya udugu na Kobe, mji mkuu wa mkoa huohuo, mwaka wa 1957, mwaka mmoja tu baada ya Rais Eisenhower kuanzisha wazo la watu wa nchi mbalimbali kujuana bila kungoja mabalozi. Baadaye Hyogo wakafungua na ofisi yao huko Seattle. Hakuna hata senti moja ya ushuru iliyopunguzwa na karatasi hizo.

"Sasa zafanya nini?" Bi Mkubwa akauliza.

Maalim alifunga kitabu. "Zafanya simu ipokelewe."

Niliandika jibu hilo pembeni kwa kalamu ya risasi, kwa sababu sikuliamini.

Ijumaa, 22 Agosti

Wiki iliyopita nilituma barua pepe tatu. Ya kwanza ilikwenda kwa ofisi moja hapa nyumbani, na mpaka leo kimya. Ya pili ilikwenda kwa ofisi ya biashara ya jimbo kule. Ya tatu niliwaandikia watu wa kujitolea wanaoshughulikia udugu wa Mombasa upande wa Seattle, na hao walijibu siku ya pili, wakasema watauliza wanaowajua.

Ofisi ya jimbo imejibu leo, kwa adabu na kwa uwazi. Kazi yao ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa Washington kuuza nje. Kuna hata mpango uitwao STEP, ambapo fedha za serikali ya shirikisho hupewa majimbo ili mwenye kiwanda kidogo asaidiwe gharama za maonyesho ya ng'ambo. Nilipomfasiria Bi Mkubwa alinyamaza kidogo. "Yaani na wao wauza? Na sisi twauza. Basi nani anunue?"

Swali hilo lilinikaa kichwani siku nzima. Vikao vyote vya kukuza biashara nilivyohudhuria, pande zote mbili za meza huwa ni wauzaji. Hapa kwetu taasisi ya kukuza mauzo ya nje, KEPROBA, iliyoundwa 2019, kazi yake ni kuuza Kenya. Kule kazi yao ni kuuza Washington. Wakikutana wanapeana kalenda.

Jioni Maalim alituambia sisi tayari ni wanunuzi wa hilo jimbo. Kwa zaidi ya miaka kumi Kenya ilikuwa haipokei ngano ya Washington, Oregon na Idaho kwa sababu ya ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani ya ngano. Mwanzoni mwa 2020 nchi mbili zilikubaliana utaratibu wa vyeti vya ukaguzi, na mlango ukafunguliwa. Ngano ya kutoka nje yashukia hapahapa kwetu, bandari ya Kilindini. Bi Mkubwa alitazama hamri aliloshika, akalirudisha kwenye sahani, kisha akalichukua tena. "Basi zamu yao."

Angalia kilichofungua mlango huo: karatasi ya wakaguzi wa mimea. Hakuna aliyepigwa picha akikata utepe.

Ijumaa, 29 Agosti

Mpango umekufa leo.

Kuanzia leo Marekani imeondoa ule msamaha wa mizigo ya chini ya dola 800 kwa nchi zote. Kifurushi cha posta sasa kinatozwa kwa asilimia, au, kwa miezi sita ya mwanzo, kwa kiwango cha mkupuo: nchi ambazo ushuru wake uko chini ya asilimia 16, kama Kenya, ni dola 80 kwa kila kifurushi. Dola 80 kwa kilo mbili za mabuyu! Mashirika ya posta ya nchi nyingi yamesimamisha kabisa kupokea vifurushi vya Marekani hadi yaelewe nani atakusanya hizo pesa.

Vifurushi kumi vimefungwa, vimeandikwa anwani, vimepangwa juu ya kabati la mweka hazina. Watoto wake wanavitazama.

Jumatatu, 1 Septemba

Vifurushi vimebaki saba.

Jumanne, 9 Septemba

Wale wa kujitolea wametuunganisha na dada mmoja mwenye duka Tukwila, kusini kidogo ya Seattle, maeneo wanakoishi watu wengi wa Afrika Mashariki. Tumezungumza naye kwa video saa tatu usiku, kwao saa tano asubuhi. Amezaliwa Majengo. Dakika kumi za kwanza zilikwisha kwa kuulizana nani ni mtoto wa nani, na ikatokea kwamba shangazi yake alisoma chuo kimoja na Bi Mkubwa. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Maalim alikuwa amekaa nyuma, hakusema neno, ila niliona akitabasamu. Haya, simu imepokelewa.

Dada anataka mzigo mmoja, si vifurushi kumi. Yeye ataingia kwenye karatasi kama mwagizaji, ataulipia ushuru, ataweka dukani. Anataka unga wa ubuyu kwa wingi na mabuyu mekundu kidogo kwa majaribio. Kisha akauliza: "Mna namba ya FDA?"

Bi Mkubwa akajibu, "Tuna namba ya simu."

Kwa faida ya wenzetu watakaopita njia hii: FDA ni mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Mahali popote panapotengenezewa au kufungiwa chakula kitakachoingia nchini mwao pasajiliwe kwao, hata kama ni jiko la wanawake 14 lenye paa la mabati. Ni lazima uwe na wakala aliye Marekani ambaye wanaweza kumpigia. Kila mzigo utolewe taarifa kwao kabla haujafika. Na kwa sheria yao ya 2011 ya usalama wa chakula, mwagizaji mwenyewe ndiye anayebeba dhamana ya kuthibitisha kwamba anayemletea anafuata usafi, kwa hiyo dada wa Tukwila ana haki ya kutuuliza hata sufuria tunaziosha na nini. Ameshauliza.

Usajili wenyewe ni bure. Kampuni moja ya mtandaoni ilitutaka dola mia kadhaa "kutusajilia". Nilijaza mwenyewe usiku mbili, bando likaisha mara moja, dada akakubali kuwa wakala wetu. Usajili huo huhuishwa kila mwaka wa namba shufwa, kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo hata huu wa juzi twatakiwa kuuhuisha mwisho wa 2026. Nimeandika ukutani.

Jumatano, 17 Septemba

Leo nataka kueleza habari ya rangi, kwa sababu imetula wiki nzima na bado haijaisha.

Mabuyu yetu hupikwa hivi: sukari na maji hukaa motoni mpaka iwe shira, inaingia iliki, inaingia pilipili kidogo, inaingia rangi, halafu ubuyu pamoja na kokwa zake unamiminwa na kugeuzwa haraka kabla shira haijashika. Rangi ni ile ya kopo dogo, kila mpishi wa mabuyu Mombasa anayo. Dada wa Tukwila aliniambia nisome jina lililo kwenye kopo. Sikuwahi kulisoma maishani. Limeandikwa Carmoisine, na chini yake E122.

Nchi za Umoja wa Ulaya zinaikubali, ila tangu 2010 pakiti lazima iandikwe onyo kwamba huenda ikaathiri utulivu wa watoto. Kule Marekani rangi hii haimo kabisa kwenye orodha ya rangi zinazoruhusiwa kwenye chakula. Mabuyu yetu mekundu yangefika uwanja wa ndege wa huko na kuzuiliwa papo hapo, na jina letu likaingia kwenye kumbukumbu zao kwa sababu mbaya.

Mwenzetu mmoja akapendekeza tubadilishe kopo, tutafute rangi nyekundu ya Kimarekani. Nikachimba. Rangi wanayoiita Red 3 imeondolewa ruhusa na FDA Januari mwaka huu, na watengenezaji wa vyakula wamepewa hadi Januari 2027 kuiacha. Red 40 bado inaruhusiwa, lakini kila pishi la rangi hiyo lazima liwe limepimwa na kuidhinishwa na FDA wenyewe, na tangu Aprili wakuu wa afya wa huko wanasema wanataka rangi zote za asili ya petroli zitoke kwenye vyakula. Kununua kopo jipya leo ili lipigwe marufuku kesho ni kujitafutia gharama.

Bi Mkubwa amepika mabuyu miaka 30. Nilimweleza taratibu, kwa heshima, shikamoo mbili. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu," akasema, "hiyo rangi nimewalisha nyinyi nyote." Kisha akaingia ndani, na hatukuonana hadi kesho yake.

Unga hauna tatizo. Unga wa ubuyu mtupu ulikubaliwa Ulaya kama chakula kipya mwaka 2008 na FDA wakaupitisha mwaka uliofuata. Hilo lilinichekesha kidogo. Chakula kipya! Nyanya yangu alikuwa akiukoroga na maziwa kabla hajaona gari.

Jumanne, 30 Septemba

AGOA, ile sheria ya Marekani ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, inaisha leo usiku na Congress haijaiongeza. Ilianza 2000, na kwa Kenya faida yake kubwa imekuwa nguo za viwanda vya EPZ, yale maeneo maalumu ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje. Kwetu sisi wa ubuyu haibadilishi mengi, kwa kuwa ile asilimia 10 iliyotangazwa Aprili juu ya bidhaa za Kenya tulikuwa tumeshaiweka kwenye hesabu. Lakini jirani yangu anashona suruali kwenye kiwanda cha EPZ upande wa Changamwe. Amerudi leo saa kumi na mbili kama kawaida, akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ni Congress, kama watafunga. Nikamwambia maji ya chai yako tayari.

Jumatano, 1 Oktoba

Serikali ya shirikisho ya Marekani imefunga milango kwa kukosa bajeti. Ya jimbo iko wazi. Hii ndiyo wiki ambayo nchi nzima ya kule inafanana na Jedwali la Nne la Maalim, tena kwa rangi mbili.

Jumapili, 12 Oktoba

Bitiruti. Sikuwahi kufikiri ningeandika neno hili mara nyingi hivi.

Maji ya mboga na unga wa bitiruti ni rangi zinazoruhusiwa Marekani bila kupimwa kila pishi. Soko la Kongowea bitiruti ziko tele. Pishi la kwanza: tulizisaga, tukakamua, tukatia maji kwenye shira ikiwa inachemka. Ikawa kahawia, rangi ya chai ya rangi. Moto unaiua. Pishi la pili tuliepua kwanza, tukangoja, tukatia. Shira ikawa imeshaganda, mwiko ukasimama wenyewe. Pishi la tatu tulichanganya maji ya bitiruti na unga wa ubuyu pembeni, bila moto, ndipo tukaumimina kwenye shira iliyopoa kiasi. Hapo ikashika! Maalim anasema ni ule uchachu wa ubuyu unaoisaidia rangi isivunjike. Inawezekana. Mimi nilichoona ni waridi iliyokolea, ikikaribia nyekundu ukiitazama kwa jicho moja.

Bi Mkubwa alikuja mwenyewe bila kuitwa. Alichukua moja, akaweka mdomoni, akafumba macho.

"Haya si mabuyu. Haya ni ya wagonjwa."

Kisha akaongeza iliki, akaongeza pilipili, akasema tupike tena. Tulipika hadi saa nne usiku. Pishi la sita ndilo tulilolikubali, na yeye ndiye aliyelipa jina: mabuyu ya safari.

Alhamisi, 16 Oktoba

Hatupiki. Raila amefariki jana huko India, na mtaa wote umekaa kando ya redio na simu. Hata wasiompigia kura wamekaa.

Alhamisi, 23 Oktoba

Vuli imeanza, na unga wa ubuyu unavuta unyevu kuliko chumvi. Kilo nane zimeganda mabonge usiku mmoja. Tumezichekecha, tumezianika, mbili hazikuokoka. Tumehamia mifuko ya foili yenye kuzibwa kwa moto, na sheria mpya ni kwamba hakuna anayefungua pipa kabla ya saa nne asubuhi, jua likiwa limewaka.

Nimeona niandike pia mambo yasiyo na sherehe yaliyotufikisha hapa. Kadi za afya za wahudumu wa chakula, kila mmoja wetu na yake. Hati ya usajili wa ushirika, ambayo bila hiyo benki isingetufungulia akaunti ya dola. Sampuli maabara. Leseni. Banda lenye sakafu ya saruji na bomba la maji, ambalo dada wa Tukwila alitaka alione kwa video kona kwa kona. Karibu yote hayo ni kazi za ngazi ya kaunti, yale mambo ya upande wa pili wa jedwali. Afisa wa ushirika alitusimamia hesabu zetu kwa subira ambayo hata mimi sina. Nikilinganisha na ujumbe wowote wa kupanda ndege kwenda kusaini udugu, lile bomba la maji ndilo lililouza ubuyu.

Malighafi: magunia yetu yanatoka Kilifi na Ukambani, kupitia Kongowea. Mchuuzi wetu wa Kilifi ni mzee mmoja, na kila akija hurudia kisa cha 2022, mibuyu mizima ilipong'olewa Kilifi ili ipelekwe Georgia, ile nchi ya bahari nyeusi, ikapandwe bustanini kwa tajiri. Rais aliamuru uchunguzi Novemba mwaka huo. "Nyinyi wauza ubuyu kila mwaka," hutuambia, "wale waliuza mara moja." Bei yake, hata hivyo, hapunguzi.

Jumatano, 29 Oktoba

Mtu amenipigia akauliza kwa nini twahangaika na Marekani ilhali mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya unafanya kazi tangu 1 Julai 2024 na bidhaa zetu zaingia bila ushuru. Ni kweli. Lakini Ulaya hatuna dada wa Majengo. Tukimpata, tutakwenda.

Jumatano, 5 Novemba

Aibu ndogo. Kikao cha mwisho na Tukwila kabla ya kusafirisha mzigo, saa tatu usiku kama kawaida. Tumevaa vizuri, Bi Mkubwa amevaa buibui jipya na miwani. Hakuna mtu. Dakika kumi, ishirini, arubaini. Mwanachama mmoja akaanza kusema labda tumetupwa. Bi Mkubwa alilala akiwa amekaa wima. Saa nne kamili dada akatokea, anatabasamu, kikombe mkononi, anashangaa nyuso zetu.

Marekani walirudisha saa zao nyuma Jumapili, tarehe 2. Kwao bado ilikuwa saa tano asubuhi. Sisi tuishio karibu na ikweta hatujui mambo ya kulisogeza jua. Nimeandika ukutani, chini ya ule mwaka wa shufwa.

Tumekubaliana kilo 60 za unga na 20 za mabuyu ya safari.

Alhamisi, 13 Novemba

Mzigo umetoka. Katoni nane zimepelekwa uwanja wa ndege wa Moi. Bahari ingekuwa nafuu zaidi, lakini kilo 80 ndani ya kontena ni kama punje ndani ya debe, na wakala wetu wa forodha, ambaye ni kijana mwenye ulimi mwepesi, alituambia kwa kuchangia kontena tungefika Seattle pamoja na mwaka mpya na makaratasi yangekuwa mazito kuliko ubuyu. Inauma kidogo. Tunaishi kando ya Kilindini, meli twazisikia zikipiga honi usiku, na mzigo wetu wa kwanza unaondoka kwa angani.

Karatasi zilikuwa hizi, kwa atakayeuliza: ankara, orodha ya katoni, tamko la kuuza nje kwenye mfumo wa forodha wa KRA (mamlaka ya mapato), cheti cha mahali bidhaa ilipotoka, cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS (wakaguzi wa mimea wa Kenya), majibu ya maabara, na namba ya ile taarifa ya FDA ambayo dada alituma kutoka kwake. Lebo tulizichapa upya mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa tumeandika gramu peke yake, nao wanataka na aunsi. Mara ya pili tulisahau kutaja bitiruti kwenye viungo, baada ya yote yale!

Serikali yao imefunguliwa jana, baada ya siku 43. Bi Mkubwa anasema walitungojea.

Kabla katoni ya mwisho haijafungwa aliingiza kitu ndani yake, akasema tusimwulize. Nilimwambia kila kilichomo lazima kiandikwe. Akakitoa kwa hasira: kilikuwa kipande cha leso, kimekunjwa, zawadi kwa yule shangazi aliyesoma naye chuo. Nitakitafutia njia nyingine.

Ijumaa, 28 Novemba

Dada ametuma video ya duka. Rafu ya unga imebaki pakiti nne. Wanaonunua si watu wa Pwani tu. Kuna Wasudani na Wasenegali, ambao kwao ubuyu wanaujua kwa majina yao, na vijana wa Kimarekani wanaoutia kwenye vinywaji vya asubuhi. Ameomba kilo 150 za unga kwa Januari. Kwa upande wa hesabu, baada ya ndege, ushuru na lebo za mara tatu, tumebakiwa na faida ambayo mweka hazina ameniomba nisiitaje mtandaoni kwa sababu ni ndogo mno, lakini haina alama ya kutoa mbele yake.

Wale wa kujitolea wametuandikia wakiuliza kama wanafunzi wao wakija Mombasa mwakani tutawapokea jikoni. Bi Mkubwa amekubali, kwa sharti wachekeche.

Lalamiko ni moja. Mtoto wa miaka sita, mamake wa Kibokoni, alikula pakiti nzima ya mabuyu ya safari ndani ya gari, akajitazama kwenye kioo, akaanza kulia. Ulimi haukuwa mwekundu.

Bi Mkubwa ameitazama video hiyo mara tatu. Amevaa kanga ya kazi tayari, ananiambia kesho alfajiri twende Kongowea, tuchague bitiruti zile nyeusi, ndogondogo, za chini kabisa ya gunia.